Mjerumani wa Munyiva

Siku Munyiva alipokwenda Mlolongo kuchagua mbwa, alibeba jogoo mwekundu ndani ya kikapu, kwa sababu nyumbani kwao Kathiani mbwa hakununuliwa kwa pesa. Marehemu baba yake alizoea kusema kwamba mbwa wa kulipiwa pesa hukuona wewe ni mteja tu, akija mteja mwingine anamfuata huyo. Munyiva hakuyaamini yote ya baba yake, lakini jogoo alimbeba. Lililompeleka huko halikuwa la mchezo.

Lilikuwa la mtamba. Mwaka ule wa 2003 kikundi chao cha kina mama, mwethya kama wanavyokiita Wakamba, kilimkabidhi Munyiva mtamba wa gredi, mweusi mwenye madoa meupe, bado hajazaa. Hakupewa awe wake hivi hivi. Masharti yalisomwa kanisani mbele ya watu wote: ndama jike wa kwanza atakayezaliwa ni wa mwanamke anayefuata kwenye orodha, naye huyo atampa wa kwanza wake anayemfuata, hivyo hivyo mpaka mama wa mwisho apate. Aliyemfuata Munyiva alikuwa Kamanthe, mjane wa ng'ambo ya kijito, mwenye watoto wanne na mbuzi mmoja mkorofi. Munyiva alisimama akainua mkono, akasema, "Nitamtunza kama mtoto." Akaketi machozi yakimlengalenga. Katika miaka yake hamsini na mitatu, hakuna aliyewahi kumwamini kwa kitu cha watu wengi namna ile.

Basi mtamba akapandishwa, akashika mimba, na mwezi huohuo wezi wakaanza kupita kwenye vilima. Walichukua ng'ombe wa mwalimu mmoja mstaafu. Wakachukua wa katekista, tena Jumapili, wenyewe wako misani. Munyiva akahamishia kitanda chake kwenye ukuta wa upande wa zizi, akawa analala kwa sikio moja, na asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala.

Aliyempa wazo la mbwa ni ndugu yake, Wambua. Huyu Wambua alifiwa na mama yao akiwa na miezi minane. Munyiva, aliyekuwa ameolewa mwaka mmoja tu, akarudi nyumbani kumlea. Mume alingoja msimu mmoja wa mahindi, wa pili akaoa mwingine, na Munyiva hakurudi tena wala hakuzaa wake. Kwa hiyo Wambua hakuwahi kumwita dada. Alimwita mwaitu, yaani mama, na hata sasa, akiwa na miaka ishirini na tisa na ndevu zimemjaa, akifika getini hupaza sauti, "Mwaitu, niko na njaa!" na Munyiva husahau alichokuwa akikifanya. Kijana huyo alikuwa akifanya vibarua vya mawe huko Mlolongo, leo machimbo haya, kesho yale. Munyiva hakuwa mtu wa kumdadisi sana. Mtoto mwenye kuleta sukari mwisho wa mwezi unamdadisi nini?

"Kuna Mkikuyu mmoja anaitwa Gikonyo," Wambua alimwambia huku akimenya chungwa. "Anafunga yadi yake ya mawe, anahamia Yatta. Ako na mbwa mbili anatafutia watu. Moja ni Jamani Shefadi, ile ya polisi. Ingine ni hizi ndogo nyeupe za Kijapani, ya manyoya mingi."

"Wewe unamjua huyo mtu?"

"Nimesikia tu, mwaitu. Hiyo yadi hata sijawahi ingia." Akatema mbegu. "Lakini nakuambia, chukua Mjerumani. Ukikuja na kale kanyoya, watu watatucheka mpaka Mitaboni."

"Twende basi pamoja, unisaidie kuchagua."

"Siku hiyo niko kazi. Wewe enda tu, lakini shika neno langu. Mjerumani."

Huko yadi Munyiva alipokelewa na mke wa Gikonyo, Wakiuru, mama mnene mchangamfu ambaye alikuwa anafunga vyombo kwenye makatoni. Mwenyewe Gikonyo alikuwa ametangulia Yatta. Kabla Munyiva hajafika hata mlangoni, kitu cheupe kilitoka chini ya meza kama pamba iliyorushwa na upepo, kikaanza kumbwekea. Kilibweka hadi maneno ya Wakiuru yakawa hayasikiki. Munyiva akakirushia kipande cha mkate. Kikaukanyaga mkate, kikaendelea kubweka.

"Huyo ndiye Pipi," Wakiuru alisema kwa kupiga kelele. "Usijali mama, hawezi kuua mtu. Lakini hiyo mdomo! Mimi mwenyewe nikisuka nywele ananibwekea mpaka anizoee tena. Na chakula ya mtu hajui, hakuli."

Yule mwingine alikuwa amefungwa kwa mnyororo kando ya lori bovu. Mjerumani kweli. Mgongo mweusi, kifua kipana, masikio wima, kimya. Alimtazama Munyiva bila kusimama, kisha akavuta mdomo wa juu kidogo tu, meno yakaonekana, na Munyiva akarudi hatua mbili bila kutaka.

"Kanali huyo," alisema Wakiuru. "Na watu wake ni mpole sana. Lakini mtu hajui, ataona moto."

"Watu wake ni nani?"

"Ni hawa vijana walikuwa wanalinda hapa usiku. Mimi siwajui, nilikuwa naishi Nairobi na watoto."

Munyiva alisimama katikati ya mbwa wale wawili, jogoo akipapatika kikapuni, na kusema kweli moyo wake ulikwenda kwa Pipi. Alijua watu wangemcheka. Lakini aliwaza hivi: mwizi akija, mimi sihitaji aliwe. Nahitaji kuamka. Na kitu hiki kinachombwekea mama mwenye nyumba kwa sababu ya nywele, nani atakinyamazisha? Aliinama akanyoosha mkono. Pipi akarudi nyuma akambwekea mkono.

Lau angeufuata moyo wake siku ile, tusingekuwa na hadithi. Lakini alimkumbuka Wambua na neno lake, na jinsi alivyokuwa amelisisitiza kwa upendo, akaona haya kumpinga. Mwanamume wa boma ndiye huyo huyo mmoja. Ukimlea mtu mpaka akaota ndevu, halafu usimsikilize, ulimlea wa nini?

"Nipe huyo mkubwa," alisema, akamkabidhi Wakiuru jogoo.

Jioni ileile, nyuma ya jiko, alifanya kama baba yake alivyokuwa akifanya. Alisonga ugali, akafinyanga tonge, akaliweka kwapani mpaka likapoa na kushika jasho lake, kisha akampa Kanali kwa mkono. Hiyo ndiyo desturi ya kumfunga mbwa kwa mwenyewe. Mbwa akishakula ugali wa kwapa lako amekula harufu yako, hakusahau, wala hakugeuki. Ila baba yake alikuwa akitilia mkazo jambo moja: kwapa la kwanza ndilo linaloshika. Wa pili anapoteza unga. Munyiva hakulifikiria hilo sana, kwani nani angejisumbua kumfanyia hivyo mbwa wa yadi? Kanali alilila lile tonge taratibu, kama mgeni aliyelazimishwa chai.

Kwa kulinda, alilinda. Mwenyekiti wa mwethya alipanda juu ya mti wa mlimao akakaa huko nusu saa. Mchungaji aliacha kuja kuombea nyumba, akawa anaiombea akiwa barabarani. Munyiva alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na kwa mara ya kwanza tangu wezi waanze kupita, alirudisha kitanda chake mahali pake.

Wiki moja baadaye Wambua alikuja. Munyiva alimwona kwa mbali akafunga mbio na fimbo, akipiga kelele, "Simama hapo! Usiingie! Atakurarua!" Lakini Kanali alikuwa ameshaondoka. Alimfikia Wambua, na badala ya kumrarua akajibwaga miguuni pake, akalalia mgongo, akalia kwa sauti nyembamba ambayo Munyiva hakuwahi kuisikia, huku mkia ukipiga vumbi.

Wambua alimwangalia mbwa, akamwangalia Munyiva. Kisha akacheka. "Umeona, mwaitu? Imejua damu. Imenusa wewe kwangu."

Ajabu ni kwamba Munyiva aliamini, tena kwa furaha. Alilisimulia kisimani, akalisimulia sokoni, akalisimulia kanisani baada ya ibada. Mbwa anayetaka kumla mchungaji amemlalia Wambua miguuni! Hakumzaa, lakini hata mnyama ameona ni wake. Miaka yote watu walikuwa wakimwambia kwa sauti ya huruma kwamba yule ni ndugu tu, siku moja ataoa amsahau. Sasa alikuwa na ushahidi, na alitembea nao kifua mbele.

Mwezi wa saba, mimba ya mtamba ikiwa na miezi saba, Munyiva aliamka kumekucha, amelala vizuri. Alibeba ndoo ya maji kwenda zizini. Zizi lilikuwa tupu. Kamba haikukatwa, ilifunguliwa, ikakunjwa vizuri ikatundikwa kwenye msumari. Kanali alikuwa amelala getini, miguu imelowa umande hadi magotini, na alipomwona Munyiva akatikisa mkia.

Munyiva alipiga ukemi mpaka sauti ikapotea. Watu walijaa. Saa sita Wambua naye alifika kutoka Mlolongo, akaangua kilio kuliko Munyiva mwenyewe, akachukua panga, akaongoza vijana kushuka bondeni na kupanda vilima siku mbili mfululizo. Walirudi mikono mitupu. "Ni wale wa malori," Wambua alisema. "Walirushia mbwa nyama iko na dawa. Hiyo ng'ombe saa hii ni nyama ya butcher."

Munyiva alimwamini kwa hilo pia. Kilichomsumbua ni kina mama. Kamanthe alikuja siku ya kwanza, akasimama nje ya geti, akamtazama Kanali, akamtazama Munyiva, akaondoka bila kutoa hata pole. Wengine wakawa wanamsalimia kwa mbali, wakiwa wanatembea. Munyiva alijiambia kuwa ni uchungu, kwamba kila mmoja alikuwa ameona zamu yake ikisogea nyuma. Mkutano wa kikundi ukaitishwa Jumamosi, na chifu akaalikwa.

Alhamisi, Gikonyo akatokea. Alikuwa ameanza biashara ya machungwa na amekuja Kathiani na lori lake kununua, akaona si vibaya kupita kumsalimia mbwa wake. Alikuwa mzee mfupi mwenye koti kubwa. Kanali alimtambua, akamnusa mkono, akarudi kivulini.

"Unaona? Mimi ndio nilikuwa nalipia nyama, lakini hata hajali," Gikonyo alisema akicheka. "Huyu hakuwa wangu, mama. Alikuwa wa mlinzi wangu wa usiku. Alimlea tangu akiwa mdogo hivi. Alimpa ile ugali yenu ya kwapa, sisi tukimcheka. Akipiga mluzi, huyu mbwa anamfuata hata kwa moto. Nilisikia kijana ni wa huku Kathiani. Labda mnamjua."

Munyiva alikuwa anamkaribisha chai. Kikombe kilibaki hewani.

"Anaitwaje?"

"Wambua. Mrefu, ako na kovu hapa kwa nyusi. Alikuwa na mimi miaka tatu, akaacha mwaka huu, mwezi wa pili."

Lile kovu Munyiva alilijua. Wambua alianguka kwenye jiwe la kusagia akiwa na miaka minne, na yeye ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati. Alimpa mzee chai yake. Akamwambia asante kwa kupita. Alimsindikiza mpaka kwenye lori, akarudi, akaketi chini kwenye vumbi la zizi tupu, na hapo ndipo maumivu yalipomfika yote kwa pamoja. Hakuumizwa na mtamba peke yake. Aliumia kwa kuwa alikuwa amechaguliwa mbwa wa kumwibia, akambeba mwenyewe mpaka nyumbani, akamlisha, na akasimulia kila mahali jinsi mbwa alivyompenda mwizi.

Hata hivyo alitaka kumpa nafasi. Ijumaa Wambua alipokuja kwa ajili ya mkutano wa kesho, alimpikia muthokoi kwa nyama, chakula alichokipenda tangu utotoni, akangoja ashibe nusu.

"Wambua. Wewe na huyu mbwa mlijuana kabla?"

Kijiko hakikusimama. "Mbwa? Tutajuana wapi, mwaitu? Mimi nilimwona hapa kwako."

"Hukuwahi kufanya kazi kwa Gikonyo?"

"Huyo mtu simjui hata kwa sura. Nani amekuambia hivyo?" Akamtazama usoni, macho yaleyale ya mtoto mwenye homa. "Naapa kwa kaburi la mama."

Hakumkumbuka hata sura, huyo mama aliyemwapia. Munyiva alimtazama akila. Alikula vizuri, akakwangua sahani, akaomba kuongezewa, naye akamwongezea. Alijichukia alipokuwa anampakulia, lakini mkono wake ulikuwa umezoea.

Alipopambazukiwa Jumamosi alikuwa ameamua. Atanyamaza. Atasema ni wezi wasiojulikana, atabeba hasara, atafanya kila kitu mpaka Kamanthe apate ndama wake, hata akiwa na miaka sabini. Wambua alikosa, lakini ni wake, na gereza humtoa mtu akiwa mtu mwingine. Ila kabla ya mkutano alitaka kumwomba Kamanthe msamaha ana kwa ana, kwa hiyo akavuka kijito asubuhi na mapema.

Alimkuta Kamanthe ndani ya banda. Sheria ya kikundi ilikuwa kwamba huwezi kupewa ndama kabla ya kujenga banda na kupanda majani, na Kamanthe alikuwa amemaliza. Mabati mapya matatu. Hori la mbao. Nje, majani ya nepia yalikuwa yamefika kifuani. Kamanthe alikuwa anafagia banda ambalo halikuwa na mnyama.

"Kamanthe, nimekuja kukuomba msamaha," Munyiva alisema. "Hao wezi..."

"Wezi gani?" Kamanthe hakuacha kufagia. "Dada Munyiva, usiniongezee. Mimi nilimwona."

"Ulimwona nani?"

"Wambua. Alfajiri hiyo nilikuwa naenda kuteka maji. Anavuta mtamba polepole kwa sababu ya mimba, na hiyo mbwa yako inawafuata nyuma. Nikasema, ametumwa. Ni mwizi gani anasindikizwa na mbwa ya wenyewe?" Sasa aliuegemeza ufagio ukutani. "Niliona umeamua kuuza, ili ndama isinifikie. Kama ulikuwa na shida, si ungesema? Uliapa kanisani. Watoto wangu walikuwa wamepatia hiyo ndama jina."

"Umewaambia wengine?"

"Niliwaambia wote. Kila mama anajua. Hiyo mkutano ya leo ni yako."

Munyiva alishika nguzo ya banda. Basi ndiyo maana ya salamu zile za mbali. Alikuwa amejiandaa kubeba hasara ya Wambua, kumbe alikuwa tayari amebebeshwa hata wizi wenyewe, na Wambua, aliyetembea na vijana wa kijiji siku mbili, alijua. Alikuwa amekula muthokoi wake akijua. Leo angesimama mbele ya kina mama, amtetee kwa maneno matamu, na kila sentensi yake ingemzamisha Munyiva zaidi, kisha arudi Mlolongo akiwa kijana mwema mwenye dada mwizi.

"Mimi sikumtuma," alisema.

"Nani alimtuma?"

"Hakuna. Aliniibia, Kamanthe. Ameniibia mimi, na akaniacha nionekane nimekuibia wewe."

Kamanthe alivua aproni, akafunga leso, akasema, "Haya. Kaseme huko."

Kanisani watu walikuwa wamejaa. Kina mama walikuwa wameketi upande mmoja, wamekunja mikono. Chifu alikuwa mbele na askari wake wawili wa utawala, na kando yake, kwenye kiti alichowekewa kama mwanamume wa boma, alikuwa Wambua katika shati jeupe ambalo Munyiva alikuwa amelipiga pasi mwenyewe jana. Alipomwona akiingia, alisimama kwa heshima akavuta benchi.

"Mwaitu, kuja ukae hapa. Mimi nitaongea."

Munyiva alipita benchi. Alitembea moja kwa moja hadi mbele ya chifu, Kamanthe akiwa nyuma yake, akashika meza. Hakumtazama Wambua. Alijua akimtazama mara moja tu, maneno hayatatoka.

"Chifu," alisema, "mwizi wa mtamba ndiye huyo hapo kando yako. Kamanthe alimwona, na Gikonyo wa Mlolongo atakuambia huyo mbwa ni wa nani. Kijana huyu nimemlea tangu akiwa na miezi minane hadi leo. Mshikeni sasa hivi, tafadhali, kabla sijamhurumia."